Kumbukumbu za taarifa ya saa moja Nakuru na hatari ya kuzipoteza

WAKAZI wa Nakuru waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 wanapokutana na mazungumzo yakageukia runinga, haichukui muda kabla ya mmoja wao kuitaja taarifa ya habari ya saa moja jioni. Atakumbuka sauti ya msomaji, suti yake, namna alivyotamka majina ya miji bila haraka, na jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza. Kisha atahitimisha kwa kusema kwamba habari za siku hizi hazina ladha.

Maneno hayo yana ukweli, lakini yanahitaji kupimwa. Baadhi ya yale tunayoyatamani yalikuwa bora kweli kweli. Mengine yalitokana na uhaba tu. Yapo pia mambo mazito ya Bonde la Ufa ambayo taarifa hiyo iliyagusa kwa ncha ya kidole au kuyapita kimya. Njia pekee ya kuyatenganisha ni kuitazama tena taarifa yenyewe, na hapo ndipo penye tatizo: sehemu kubwa ya matangazo ya zamani ilihifadhiwa katika filamu na kanda ambazo zinaoza, na hakuna anayeweza kuusimamisha muda.

KITUO KIMOJA, MILIMA MINGI

Televisheni ilianza nchini Kenya Oktoba 1962, miezi 14 kabla ya uhuru. Mtambo wa kwanza uliwekwa Limuru na matangazo yake yalifika takriban kilomita 25 tu kutoka hapo. Nakuru iko karibu kilomita 160 kutoka Nairobi. Kwa hivyo, bendera ya Uingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, wafanyakazi wa reli na vibarua wa mashamba ya Nakuru walizipata habari hizo kupitia redio, magazeti na midomo ya watu.

Julai 1, 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, yaani VoK, likawa chini ya wizara iliyohusika na habari. Kituo cha televisheni cha Mombasa kilifunguliwa mwaka wa 1970. Jina la Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) lilirejeshwa mwaka wa 1989, na Machi 1990 KTN ikaanza kurusha matangazo yake jijini Nairobi. Kati ya 1964 na 1990, Mkenya aliyewasha runinga hakuwa na haja ya kuuliza atazame kituo gani. Kilikuwa kimoja.

Kukifikisha kituo hicho katika Bonde la Ufa kulihitaji kupambana na maumbile. Mawimbi ya redio ya masafa ya kati huambaa na ardhi, yakapanda mlima na kushuka bonde. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima, aliye upande wa pili hupata chenga badala ya picha.

Mji wa Nakuru umekaa sakafuni mwa bonde, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini umezibwa na mlima Menengai wenye mita 2,278. Magharibi kuna kingo za Mau, na mashariki kuna miinuko ya Bahati na safu ya Nyandarua. Ndiyo sababu mitambo ya kurusha matangazo ilipelekwa kwenye vilele kama Timboroa, mahali palipo juu kiasi kwamba kituo chake cha reli kimezidi mita 2,700.

Hata baada ya hapo, familia moja ingeweza kuona picha safi huku jirani aliyejenga nyuma ya kilima akiambulia sauti pekee. Dawa ilikuwa mlingoti mrefu wa bomba la chuma na kijana mwepesi wa kupanda paa. Yeye aliigeuza antena kidogo kidogo huku walio ndani wakimpigia kelele kupitia dirishani, mpaka sauti moja ikasema, "Hapo hapo! Usiguse tena!" Upepo wa usiku ukiugeuza mlingoti, kazi hiyo ilirudiwa kesho yake.

SAA YA WATU WOTE

Uhaba huo ndio uliozaa ule umoja tunaoutamani leo. Umeme ulikuwa haujafika sehemu nyingi za Njoro, Molo, Subukia na Rongai, na hata palipofika, bei ya runinga ilimshinda mfanyakazi wa kawaida. Mwenye runinga alikuwa na wageni kila jioni, awe amewaalika au la. Katika mitaa ya nyumba za manispaa kama vile Kivumbini na Flamingo, watoto walijaa mlangoni na wengine wakaning'inia madirishani. Mashambani, wengine walitumia betri ya gari, ambayo ilibebwa kwa baiskeli hadi kituo cha biashara kwenda kuchajiwa. Betri haikuwashwa ovyo. Iliwekewa akiba ya taarifa ya habari, Vitimbi na Vioja Mahakamani.

Kwa kuwa kituo kilikuwa kimoja na seti zilikuwa chache, watu waliitazama habari ileile, kwa saa ileile, mara nyingi katika chumba kimoja. Kesho yake, sokoni au kwenye gari la abiria, hakuna aliyehitaji kueleza habari hiyo upya. Mjadala ulianzia palipoishia taarifa.

Jambo la pili ni lugha. Nakuru ni mji uliokuzwa na reli iliyofika hapo mwaka wa 1900, kisha na mashamba ya walowezi yaliyovuta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Baada ya uhuru zikaja skimu za makazi. Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo waliishi ukuta kwa ukuta. Lugha iliyowaweka pamoja mbele ya runinga ilikuwa Kiswahili. Desturi ya taarifa ya Kiswahili saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu usiku ilikita mizizi kiasi kwamba vituo vikuu vilivyokuja baadaye viliifuata.

Kiswahili hicho kilikuwa cha kujifunzia. Wasomaji mahiri kama vile Badi Muhsin, aliyefariki mwaka wa 2020, walitamka kila silabi kwa ukamilifu. Mtoto wa Elburgon ambaye nyumbani kwao kilisemwa Kikuyu, au wa Rongai aliyelelewa katika Kikalenjin, alisikia jioni moja maneno mengi sanifu kuliko aliyoyasikia wiki nzima mtaani.

Upo na ufundi nyuma ya utulivu ule. Msomaji hakuwa na dakika za kujaza. Taarifa ilikuwa na muda maalumu, hivyo kila habari ilipigwa taipu, ikapitiwa kwa kalamu na mhariri, ikapunguzwa mpaka ibaki sentensi zinazoweza kusomwa kwa pumzi moja. Sisi tuliofanya kazi ya kuhariri magazeti tunaitambua nidhamu hiyo. Neno lisilo na kazi liliondolewa kabla halijafika hewani. Siku hizi, kituo kinachotangaza habari mchana kutwa kinalazimika kusema hata pale ambapo hakuna jipya la kusemwa.

HABARI YA NAKURU ILIVYOFIKA NAIROBI

Nakuru haikuwa na taarifa yake yenyewe ya televisheni. Habari zilikusanywa huku, zikapikwa Nairobi, kisha zikarudishwa huku zikiwa tayari.

Shirika la Habari la Kenya (KNA), lililoanzishwa mwaka wa 1963, lilikuwa na maafisa wa habari katika wilaya na mikoa. Nakuru ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka wa 2013, na kwa hivyo habari nyingi za mkoa huo mpana zilipitia hapo. Afisa aliandika ripoti, na maneno yakatumwa Nairobi kwa simu au teleksi.

Picha zilikuwa na safari ndefu zaidi. Enzi za filamu, mpiga picha alipomaliza kazi alibaki na koili ambayo hakuna aliyeweza kuitazama mpaka isafishwe kwa dawa maabarani. Koili hiyo ilisafirishwa kwa barabara, ikasafishwa, ikakatwa kwa mkono na kuunganishwa. Tukio la adhuhuri mjini Nakuru lingeweza kusikika saa moja jioni katika maneno ya msomaji, na picha zake zikaonekana kesho yake.

Linganisha na mkasa wa bwawa la Solai, Mei 9, 2018, ulioua watu wasiopungua 47 katika Kaunti ya Nakuru. Usiku huohuo picha za simu zilikuwa zimezagaa nchi nzima, kabla ya waokoaji kufahamu ukubwa wa maafa.

Hata hivyo, Nakuru ilionekana katika taarifa za zamani mara nyingi kuliko miji mingine ya ukubwa wake. Mzee Jomo Kenyatta alipenda kukaa katika Ikulu ya Nakuru, akipokea huko wajumbe na vikundi vya ngoma. Daniel arap Moi alikuwa na makazi yake Kabarak, mwendo mfupi nje ya mji. Taarifa ilikuwa na desturi ya kumtanguliza Rais, kisha Makamu wa Rais, kisha mawaziri. Rais akiwa Nakuru, habari ya kwanza ilitoka Nakuru.

Ndipo mkazi wa Kaptembwa au Bondeni alipouona mji wake kwenye runinga: lango la Ikulu, msafara wa magari, wazee waliovalia kanzu na kofia, watoto wa shule wakiimba. Mtaa wake mwenyewe, maji yake na kodi yake ya nyumba vilipata nafasi mara chache.

YALIYONYAMAZIWA

VoK ilikuwa idara ya serikali na watangazaji wake walikuwa watumishi wa umma. Aliyeshika kipaza sauti alijua nani mwenye nyumba. Hali hiyo ilidhihirika asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walioasi walipoiteka VoK na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliisimulia siku hiyo maishani mwake kama mtu aliyesoma maneno yasiyo yake akiwa mbele ya mtutu wa bunduki. Mapinduzi yalizimwa, lakini nchi nzima ilikuwa imeona kwamba anayekishika kituo ndiye anayezungumza.

Kwa Bonde la Ufa, mtihani mkubwa ulikuja miaka ya 1990. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi, na katika miezi iliyofuata yakasambaa hadi Molo, Olenguruone, Burnt Forest na kwingineko. Mamia ya watu waliuawa na maelfu wakayahama mashamba yao. Septemba 1993 serikali iliyatangaza maeneo ya Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa maeneo maalumu ya usalama, na wageni, wakiwemo wanahabari, wakazuiwa kuingia.

Mtu aliyekuwa Elburgon wakati huo aliweza kuuona moshi akiwa mlangoni pake, kisha akawasha runinga saa moja jioni na kuwasikia viongozi wakiwahimiza wananchi wadumishe amani. Hotuba zilipata nafasi kuliko sauti za waliochomewa nyumba. Wenye vyombo binafsi nao hawakuwa na uhuru wa kwenda watakako. KTN iliwaonyesha Wakenya kwamba habari zinaweza kusomwa kwa namna nyingine, lakini kwa miaka yake ya mwanzo ilitazamwa Nairobi na viunga vyake.

Kuongezeka kwa vituo hakukuliondoa tatizo lote. Desemba 30, 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Marufuku hayo yalikuwa bado yapo mwishoni mwa Januari 2008, wakati mji wa Nakuru wenyewe ulipowaka. Januari 30, 2018, siku ambayo Raila Odinga aliapishwa katika bustani ya Uhuru kama "rais wa wananchi", NTV, KTN na Citizen zilizimwa.

Hivyo basi, anayeitamani taarifa ya zamani kwa sababu "nchi ilikuwa na amani" anakumbuka picha aliyoonyeshwa. Utulivu wa msomaji ulikuwa wa kweli. Utulivu wa nchi wakati mwingine uliishia pale pale studioni.

KANDA ZIKO WAPI?

Je, tunaweza kuzitazama taarifa hizo na kujihukumia wenyewe? Kwa sehemu ndogo tu, kutokana na sababu tatu.

Kwanza, vifaa vyenyewe huharibika. Filamu za asetati, ambazo zilitumiwa sana na vituo vya televisheni, zikihifadhiwa penye joto na unyevu huanza kutoa harufu kali ya siki. Harufu hiyo ni dalili kwamba filamu inajila yenyewe. Hatimaye hujikunja na kukatika. Kanda za video, zilizochukua nafasi ya filamu katika vyumba vya habari kuanzia miaka ya 1970, zina ungamo la sumaku linalobanduka baada ya miongo michache.

Pili, kanda ilikuwa ghali na iliweza kutumiwa tena. Habari ya Jumatatu ikafutwa ili ya Ijumaa irekodiwe. Kosa hilo halikufanywa na nchi maskini pekee. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970. Nchini Marekani, NASA ilikiri mwaka wa 2009 kwamba huenda kanda asilia za picha za binadamu wa kwanza kutua mwezini, mwaka wa 1969, zilifutwa ili zitumiwe tena. Tofauti ni kwamba Marekani ilikuwa na mtu wa pembeni aliyeona mbali. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, kilianza mwaka wa 1968 kurekodi taarifa za kila jioni za mitandao mikuu ya televisheni, na mkusanyo huo hutumiwa na watafiti hadi leo.

Tatu, sheria zetu za kumbukumbu zilitungwa na watu wa karatasi. Idara ya Nyaraka za Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965 na ina kituo chake mjini Nakuru, ambako majalada ya utawala wa mkoa yalihifadhiwa. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inamtaka mchapishaji kukabidhi nakala kwa msajili. Kwa hivyo gazeti la siku moja ya mwaka wa 1992 linaweza kutafutwa na kusomwa. Taarifa iliyosomwa hewani jioni ya siku hiyohiyo haimo katika sheria hiyo.

Athari zake si za wapenzi wa mambo ya kale pekee. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilitegemea sana ushahidi wa watu waliosimama na kusimulia. Wengi wa mashahidi hao wanazeeka. Waliokuwa nyuma ya kamera na mbele yake nao wanatutoka. Catherine Kasavuli, aliyeanza VoK mwaka wa 1980 na kuwa sura ya kwanza ya KTN, alirejea KBC mwaka wa 2021 na kupokewa kwa shangwe na watazamaji wa rika lake. Desemba 2022 alifariki. Shangwe ile ilionyesha kwamba kumbukumbu hizi zina wenyewe, wengi na waaminifu.

LILILO NDANI YA UWEZO WETU

Mwanzoni mwa mwaka wa 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa na ving'amuzi kushika nafasi yake, nyumba nyingi za Nakuru ziliteremsha milingoti na kuziuza runinga za zamani kwa wanunuzi wa vyuma. Huenda pamoja nazo zilitupwa mashine za video na makasha ya kanda. Hilo ni kosa ambalo bado linaweza kuzuiwa kwa yaliyosalia.

Familia zilizomiliki mashine za VHS miaka ya 1980 na 1990 zilirekodi harusi, mechi za "Football Made in Germany", na mara nyingine, bila kukusudia, dakika kadhaa za taarifa ya habari iliyofuata. Uingereza imepata tena baadhi ya vipindi vyake vilivyopotea kutoka kwa watu binafsi wa aina hiyo.

Mwenye kanda kama hizo azisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika zenye sumaku. Akivunje kile kidude kidogo cha plastiki ukingoni mwa kanda, ili isirekodiwe juu yake. Asiitie kanda yenye ukungu ndani ya mashine, kwa maana ataiharibu kanda na mashine pia. Aandike mahali na mwaka, hata kwa kukisia, kisha amtafute fundi wa kuinakili kwenye kompyuta mara moja tu, na nakala mbili ziwekwe mahali tofauti.

Taasisi zina sehemu yake. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, Chuo Kikuu cha Kabarak kiko jirani, na serikali ya kaunti ina jiji la kusimamia tangu Nakuru ilipopandishwa hadhi Desemba 2021. Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: kuviomba vituo vya televisheni orodha ya kile walichonacho kuhusu eneo hili, na kuwarekodi maafisa wa habari, wapiga picha na madereva waliostaafu wakisimulia jinsi koili zilivyosafirishwa na nani alizikata. Hatua ya pili ni ya Bunge, nayo ni kuipa taarifa ya hewani hadhi ileile ya kisheria iliyopewa gazeti.

Anayeikumbuka taarifa ya saa moja kwa mapenzi anastahili kuitazama tena. Aliyechomewa nyumba Molo mwaka wa 1992 anastahili kujua nchi iliambiwa nini jioni hiyo. Wote wawili wanaitafuta kanda moja.